Kijitabu kinachosomwa hadi mwisho: kupanga jalada, herufi na kurasa kwa macho ya msomaji wa Tanga

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kijitabu, methali hii ni kweli nusu. Jalada zuri humfanya mtu anyooshe mkono pale mezani, hilo halina ubishi. Lakini kinachomfikisha ukurasa wa ishirini ni mambo ambayo yeye mwenyewe hayaoni: upana wa mstari, nafasi kati ya mistari, herufi ambayo *a* yake haifanani na *o*. Akichoka hatasema "mistari imebanana". Atasema maneno ni magumu, au mwandishi hajui kuandika, kisha atakiweka kijitabu juu ya kabati.

Mwongozo huu ni wa vikundi vinavyojichapishia wenyewe: wanaokusanya historia ya mtaa, wanaotoa diwani ndogo ya mashairi, wanaogawa mafunzo ya afya au ya kilimo. Mfano tutakaoushika ni kijitabu cha A5 (milimita 148 kwa 210), kurasa 24 na kava, cha kubanwa kwa pini katikati. Ukubwa huo unaingia kwenye mkoba, unasomeka barazani, na hutoka kwenye karatasi ya kawaida ya A4 ikikunjwa mara moja.

Kwa nini uzuri hubadilisha hukumu ya msomaji

Mwaka 1995, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura wa Japani waliwaonyesha watu mipangilio 26 ya skrini ya mashine ya kutolea fedha. Vitufe ni vilevile, kilichobadilika ni mpangilio wake tu. Watu waliona ile mizuri kuwa ndiyo rahisi kutumia, hata pale ambapo urahisi wenyewe haukuwapo. Noam Tractinsky wa Israeli alilirudia jaribio hilo akidhani huenda hayo ni mambo ya Wajapani peke yao. Matokeo yake yakaja na nguvu zaidi.

Kwa maandishi, jaribio linalotuhusu zaidi ni la Hyunjin Song na Norbert Schwarz wa Chuo Kikuu cha Michigan, la mwaka 2008. Waliwapa wanafunzi maelekezo ya zoezi la mwili. Wengine waliyapata kwa herufi safi, wengine kwa herufi za madoido kama za brashi. Maneno hayakutofautiana hata moja. Waliosoma herufi safi walikadiria zoezi litachukua dakika 8.2, waliosoma za madoido, dakika 15.1, na hamu ya kulifanya ikapungua. Ugumu wa kusoma uliingia kwenye zoezi lenyewe. Sasa fikiria kijitabu cha kumfundisha mama namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, kimeandikwa kwa herufi za kadi ya harusi.

Wako wanaodai kinyume, kwamba herufi ngumu humfanya msomaji akumbuke zaidi. Mwaka 2018 chuo kimoja cha Melbourne kilitoa hata fonti kwa kazi hiyo, Sans Forgetica. Waliokuja kuipima baadaye hawakuona faida hiyo ya kumbukumbu. Usiipoteze siku yako huko.

Anza na kanga, si na kompyuta

Mafunzo mengi ya usanifu husifu ukurasa mweupe mtupu. Ladha ya pwani si hiyo. Hapa kitupu huonekana kama kitu ambacho fundi hakukimaliza. Watu wamezoea nakshi za milango ya Pangani na Bagamoyo, kofia za mkono, hina, na kanga. Ukimpa mzee wa Ngamiani jalada jeupe lenye neno moja katikati, atauliza picha iko wapi.

Basi, pambo liwepo. Swali ni likae wapi. Kanga ililijibu zamani. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani ule ujumbe, ambalo hukaa upande wa chini ndani ya kisanduku kilichotulia. Fujo yote ya rangi iko kwenye pindo na mji. Palipo na maneno pana utulivu. Mlango wa nakshi nao hivyohivyo: mchongo mwingi umejaa kwenye miimo, kwenye kizingiti cha juu na kwenye mfaa, ule mti wa katikati, na mbao zenyewe zimeachwa tambarare. Hakuna fundi anayechonga maua juu ya maandishi.

Kwa jalada la A5 fanya hivi. Chora pindo la upana wa milimita 12 hadi 15. Weka mji, yaani picha au umbo moja kubwa, kwenye theluthi mbili za juu. Theluthi ya chini iwe ya jina la kijitabu, juu ya rangi moja isiyo na michoro. Jina la kikundi liwe dogo, chini kabisa au juu kabisa. Mambo matatu, basi. Nembo za wafadhili nne zikilazimika kuwepo, zipeleke kava ya nyuma.

Kosa linaloumiza zaidi kwenye pindo hutokea kwenye gilotini. Karatasi huteleza milimita moja au mbili wakati wa kukata. Kama pindo lako ni mstari mwembamba uliokaa milimita 4 kutoka ukingoni, upande mmoja utabaki na 5 na mwingine na 3, na jicho litaona upogo huo kabla ya kusoma jina. Dawa ni mbili, chagua moja. Ama liache pindo lianzie milimita 8 au zaidi kutoka ukingoni, ama lipitilize nje kabisa: lichore likivuka ukingo kwa milimita 3 kila upande, ili hata kisu kikihama, rangi ifike mwisho.

Rangi, na maana zake ambazo hukuzikusudia

Nyekundu, nyeusi na nyeupe kwa pamoja humkumbusha mtu kanga ya kisutu, na kisutu humkumbusha harusi. Ukitaka uchangamfu wa sherehe, rangi hizo zitakusaidia. Kwa kijitabu cha kifua kikuu zitakupotosha. Kijani na njano zikikaa pamoja husomeka CCM au Yanga, nyekundu na nyeupe husomeka Simba. Msomaji hatakuambia, ila kijitabu chako kitakuwa kimeshapewa upande. Ongeza rangi ya tatu yenye nguvu, au badilisha kijani kiwe cha bluu kama maji ya kina, na mashaka yanaondoka.

Usomekaji wa rangi haupimwi kwa kubahatisha. Piga picha skrini kwa simu, kisha igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Maandishi na mandharinyuma yakikaribiana kwa kijivu, hayatasomeka, hata kama kwenye rangi yanang'aa. Nyekundu juu ya kijani ndiyo inayodanganya watu wengi kuliko zote, na njano juu ya nyeupe inaifuata.

Kwenye skrini rangi ni mwanga. Kwenye karatasi ni wino. Bluu kali hutoka ikielekea zambarau au ikiwa imezimika, na chungwa kali hutoka kama tope. Mwambie mchapaji atoe nakala moja ya kava kabla ya kazi yote, uitazame nje, si chini ya taa ya dukani. Maandishi meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa kuchanganya rangi nne, mashine ikihama kidogo tu, kila herufi itavaa kivuli cha waridi au bluu.

Na kama unatoa pia bango la kubandika ukutani, jua la Tanga halina huruma kwa wino wa kawaida. Waridi na njano huondoka mwanzo, bluu na nyeusi hubaki. Ndiyo maana mabango ya zamani yote yana watu wenye nyuso za bluu. Tarehe na mahali pa mkutano viandike kwa nyeusi, kamwe si kwa nyekundu.

Herufi: chagua kwa Kiswahili, si kwa mazoea

Hapa ndipo wengi hunakili mashauri yaliyotungwa kwa lugha nyingine. Kiswahili kina tabia mbili zinazobadilisha uchaguzi wa fonti.

Kwanza, irabu moja hugeuza maana: *kila, kile, kilo*, *penda, pende, pendo*. Fonti ambayo *a* yake ni duara lenye mkia hufanana na *o* nakala ikififia. Pili, tuna maneno yaliyojaa vijiti: *lililolala, lililolipiwa*. Fonti ambayo *l* na *i* hazitofautiani vizuri huligeuza neno kuwa uzio wa fito. Kabla ya kuamua, andika maneno hayo yote kwa pointi 9, yachape, yatoe kopi, kisha toa kopi ya kopi. Fonti itakayosomeka kwenye kopi ya pili ndiyo yako. Gentium na Charis SIL hufaulu jaribio hili na zote ni za bure. Zina vijiguu, vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi, na *a* yake ina ghorofa mbili, si duara lenye mkia.

Tumia fonti mbili tu: moja ya matini, moja ya vichwa. Ya tatu ikiingia, ukurasa huanza kuonekana kama ukuta wa matangazo ya stendi ya Kange.

Ukubwa: pointi 11 kwa matini, na mistari ipishane kwa pointi 15. Wasomaji wako wengi wakiwa wamevuka miaka 45, nenda pointi 12 kwa 16.5, kurasa zitaongezeka kwa kama asilimia 20, kwa hiyo hesabu gharama mapema. Nafasi kati ya mistari ndiyo inayobanwa mara nyingi ili "kuokoa karatasi". Afadhali ukate maneno.

Herufi kubwa tupu zinafaa kwenye kanga kwa sababu ujumbe wake ni maneno machache. Aya nzima ya herufi kubwa ni jambo jingine. Miles Tinker wa Marekani alipima usomaji kwa miaka mingi katika karne ya 20 akakuta kwamba herufi kubwa tupu hupunguza kasi. Vichwa vya maneno hadi sita, sawa. Zaidi ya hapo rudi kwenye herufi ndogo.

Kitu kidogo ambacho hutia aibu: alama ya *ng'*. Matini yakitoka kwa waandishi watatu, utakuta *ng'ombe* ana alama tatu tofauti, na fonti za madoido nyingine huweka kisanduku kitupu mahali pake. Tafuta na ubadilishe zote ziwe alama moja kabla ya kuanza kupanga.

Ukurasa na hesabu yake

Weka pambizo hivi kwa A5: ndani, upande wa mgongo, milimita 20, nje 16, juu 15, chini 20, namba ya ukurasa ikikaa humo chini. Inabaki nafasi ya milimita 112 kwa 175. Kwa pointi 11, upana huo hubeba herufi kama 64 kwa mstari, pamoja na nafasi zake, na hapo ndipo jicho hutembea bila kupotea. Ukivuka 75, msomaji akirudi kushoto hukosea mstari; ukishuka chini ya 45, anakatizwakatizwa. Urefu wa milimita 175 hutoa mistari 33. Kwa maneno yetu marefu, tarajia kama maneno 280 kwa ukurasa wenye aya za kawaida. Kurasa 24, ukiondoa nne za mwanzo na mwisho, ni maneno 5,600 hivi. Mwandishi aliyeleta 9,000 aambiwe mapema, si usiku wa kuchapa.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, maana kila karatasi ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne. Kurasa 24 ni karatasi 6. Ukipata 26, punguza mbili au jaza hadi 28. Usimwachie mchapaji aamue.

Panga mistari kwa kuinyoosha kushoto tu na kuiacha kulia ijikate yenyewe. Wengi huipenda pande zote mbili zilizonyooka kwa sababu inafanana na gazeti. Lakini neno kama *watakaoshirikiana* lina herufi 17. Likikosa nafasi mwishoni na kushuka chini, mstari wa juu hutanuliwa, nafasi nyeupe zinafunguka, na ukurasa unapasuka kama udongo wa kiangazi. Kwenye safu mbili nyembamba hali ni mbaya maradufu. Ukishikilia pande zote mbili, ruhusu maneno yakatwe, ila kwanza iambie programu kwamba lugha ni Kiswahili. Ikidhani ni Kiingereza itakata popote. Sisi hukata baada ya irabu: *wata-kao-shiri-kiana*. Usitenganishe *ny, sh, mb, nd* wala *ng'*, na usiiache *m* peke yake ukingoni.

Aya zitenganishwe kwa kusogeza mstari wa kwanza ndani milimita 4 au 5, au kwa kuruka mstari, si vyote viwili. Mstari mmoja wa mwisho wa aya usivuke peke yake kwenda ukurasa wa pili; ukitokea, futa maneno mawili kwenye aya hiyo na utarudi.

Mashairi yanahitaji hesabu ya peke yake

Shairi la tarbia, yaani la mishororo minne kwa ubeti, likiwa na mizani (silabi) 16, huwa na herufi 40 hadi 45 kwa kila mshororo. Kwa pointi 11 ni milimita 70 hadi 80, hivyo linaenea vizuri kwenye A5 yetu. Tatizo huanza mtu anapotaka safu mbili kwenye A4: kila safu inabaki na milimita 80 hivi, mishororo mirefu inamwagika, na neno moja linaangukia mstari wa chini. Kwa msomaji wa mashairi, kina cha mwisho kikishuka peke yake, ubeti umevunjika. Atalisoma kama kosa la mtunzi.

Ubeti wa mishororo minne kwa mistari ya pointi 15, ukiongeza nafasi ya kuutenga na ujao, huchukua milimita 26.5. Ukurasa wenye kichwa cha shairi hubeba beti 5. Ukurasa unaofuata, 6. Ubeti usikatwe kati ya kurasa mbili hata kama chini itabaki nafasi tupu. Huo ndio utupu ambao hata wazee wa pwani hawaulalamikii.

Ukitaka kuonyesha ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo, acha nafasi ya milimita 6 katikati ya mshororo na uzinyooshe tao zote zianze pamoja. Vina vya kati navyo vitajipanga karibu karibu, na jicho litavisikia kabla ya sikio. Kwa toleo la simu, ambako skrini hubeba herufi 35 hadi 40 tu, kata mshororo palepale ukwapi unapoishia, utao uanze mstari mpya ukiwa umesogezwa ndani kidogo. Ukiiachia simu ikate, itakata popote.

Picha

Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli 1,180 hivi ili itoke safi. Iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa. Mwambie mwenye picha aitume kama dokyumenti.

Ngozi zetu huumia kwenye mashine za bei nafuu. Wino hutanuka kwenye karatasi ya gramu 80 (kwa mita ya mraba), kivuli kinameza mashavu, na uso unakuwa doa. Inua mwanga wa katikati, yaani wa sehemu zisizo nyeusi sana wala nyeupe sana, kwa asilimia 15 hadi 20 mpaka kwenye skrini uone picha "imepauka kidogo". Kwa mashine ya riso, ile inayonakili kwa stensili, inua zaidi, na epuka kijivu chepesi nyuma ya maandishi, maana hutoka na mabaka.

Angalia pia mtu wa kwenye picha anatazama wapi. Msomaji hufuata macho yake. Akitazama nje ya ukurasa, naye msomaji anatoka. Aelekezwe upande wa maneno. Usimgeuze kwa kompyuta kama amevaa fulana yenye maandishi.

Kwenda kwa mchapaji

Kabla ya kuhifadhi faili, fanya majaribio mawili ambayo hayana gharama. Finya macho ukitazama jalada: kinachobaki kuonekana ndicho msomaji atakachokiona kwanza, nacho kiwe jina au picha kuu. Kisha mwonyeshe jalada mtu asiyehusika kwa sekunde 5, lifunike, umuulize ameona nini na kijitabu kinahusu nini. Wakikosea watatu kati ya watano, tatizo ni jalada. Usiwaeleze, badilisha.

Soma kurasa mbili zilizochapwa jioni, barazani, kwa taa ya sola. Huko ndiko kitakakosomwa.

Peleka PDF yenye fonti zilizofungwa ndani, kurasa zikifuatana moja moja. Kupanga karatasi za kukunja mwachie mchapaji isipokuwa akikuomba. Agiza ndani gramu 80, kava gramu 250. Kwa kurasa 24 pini mbili zinatosha. Ukikunja, karatasi za katikati hutokeza nje kidogo, na gilotini ikizisawazisha pambizo zake za nje hupungua. Ndiyo sababu nyingine ya zile milimita 16. Karatasi iliyokaa wazi kwenye hewa ya bahari hujikunja na kung'ang'ania kwenye mashine, kwa hiyo omba rimu ifunguliwe siku ya kazi.

Simama hapo mpaka nakala ya kwanza ikunjwe na kubanwa. Hesabu kurasa kwa kidole, kagua kwamba ukurasa wa 12 na wa 13 vinatazamana katikati, pima pindo pande zote nne kwa rula, kisha ndipo useme waendelee na zilizobaki.